Mradi wa maji haubebi maji peke yake

Kila ukitangazwa mradi wa maji huku kwetu, iwe Arusha, Moshi au kule Mwanga na Same, tunapewa namba tatu zilezile: lita ngapi kwa siku, bilioni ngapi, na vijiji vingapi vitanufaika. Mradi mkubwa wa Arusha tuliambiwa shilingi bilioni 520, uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwenda milioni 200 kwa siku. Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe, ule wa kutoa maji bwawa la Nyumba ya Mungu uliozinduliwa Machi 2025 baada ya watu kusubiri zaidi ya miaka kumi, nao hadithi ilikuwa ni hizohizo namba. Sijawahi kusikia mtu kwenye jukwaa anasema pale tunapochota kuna mimea gani inaota majini, na kule tunakoyapeleka maji hiyo mimea ikifika itakuwaje. Kwangu hilo swali linatakiwa liwe namba ya nne, na litajwe kabla eskaveta halijashuka kwenye lori.

Niseme mapema ili tusigombane bure, mimi sipingi kuhamisha maji. Mtu yeyote aliyeona meno ya watoto wa Maji ya Chai yalivyobadilika rangi kwa sababu ya floraidi, au aliyeona akina mama wa Upare wa tambarare wanavyohangaika na madumu kiangazi, hawezi kusimama akasema maji yakae hukohuko yalipo. Yahame. Ila ukihamisha maji unahamisha na viumbe, na kwenye hao viumbe mimea ya majini inasafiri kirahisi mno na ikishazoea mahali kuitoa ni kazi ya vizazi.

Sasa miradi haifanani, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Maji ya kisima kirefu yanatoka gizani chini ya ardhi, huko hakuna mmea unaoota, kwa hiyo mradi wa Arusha ambao umetegemea sana visima virefu, vikiwemo vya upande wa Hai, kwenye hii ishu ya magugu hauna hatari kubwa, una mambo yake mengine lakini sio hili. Aina ya pili ni maji ya juu ya ardhi, ya ziwa au bwawa au mto, yanayovutwa na pampu, yanapita kwenye mtambo wa kutibu, yanachujwa, yanatiwa klorini, ndo yanaingia bombani kwenda kwa watu. Nyumba ya Mungu iko hapa, na ule wa Ziwa Victoria unaoanzia Ihelele kule Misungwi kwenda Kahama na Shinyanga nao uko hapa. Bombani hapo gugu halitoki, tusitishane. Aina ya tatu ni maji ghafi yanayopita kwenye mfereji wa wazi au yanayojazwa kwenye bwawa la umwagiliaji au lambo la mifugo, hayachujwi na mtu, hayatiwi dawa, yanaenda na kila kilichomo ndani yake. Hii aina ya tatu ndo ya kuiogopa, na ndo inayoangaliwa kidogo kuliko zote kwa sababu hakuna anayeyanywa hayo maji, kwa hiyo hata vipimo vya maabara huwa havimhangaishi mtu.

Na kuna kitu kinajificha katikati. Mradi wa aina ya pili mara nyingi unazaa vitoto vya aina ya tatu. Bomba la maji ghafi linapita kwenye kijiji cha wafugaji kabla halijafika kwenye mtambo, wafugaji wanaomba tawi kwa ajili ya birika la ng'ombe, wanapewa, na kwa kweli wana haki ya kuomba maana bomba linapita kwenye ardhi yao. Birika linafurika, pembeni panakuwa na kidimbwi cha kudumu, na hapo tayari kuna maji ambayo hayajatibiwa yametulia mahali papya. Alafu kuna maji ya kuoshea machujio. Mtambo wowote wa kuchuja lazima uoshwe, ule uchafu ulionaswa unasukumwa kinyume na kumwagwa nje, kwenye korongo au kijito cha karibu. Sasa kama mtambo umejengwa upande wa pili wa mgongo wa bonde, yaani ule mwinuko unaotenganisha bonde moja la maji na lingine, basi kila ulichokinasa ili kisiende kwa watu umekivusha mwenyewe na kukimwaga kwenye mto mpya. Watu wa kule North Dakota na Manitoba walikwaruzana miaka na miaka juu ya jambo hilihili. Marekani walitaka kutoa maji ya bonde la mto Missouri kuyapeleka kwenye bonde linaloshukia Hudson Bay upande wa Kanada, Manitoba wakaenda mahakamani mwaka 2002 wakisema mtatuletea viumbe ambavyo hatuna, na nyuma yao kulikuwa na mkataba wa maji ya mpakani wa mwaka 1909. Kesi ikavutana sana na mwisho wa siku jibu la kihandisi likawa kujenga mtambo wa kutibu maji kabla hayajavuka kwenda bonde la pili. Ni jibu la kawaida kabisa, ila linabadilisha ramani ya mradi mzima, kwa hiyo lazima lifikiriwe wakati injinia bado ana penseli mkononi.

Turudi nyumbani. Watu wengi wanaamini gugu maji, hili lenye maua ya zambarau, ni shida ya Mwanza, Musoma na Kisumu. Kumbe hapa Tanzania lilirekodiwa kwanza mto Sigi kule Tanga mwaka 1955, alafu mto Pangani mwaka 1959. Ziwa Victoria lilikuja kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Bonde letu ndo lilitangulia, kwa karibu miaka thelathini, na Pangani ni huuhuu mto wetu, unaanza na Kikuletwa na Ruvu, inakutana Nyumba ya Mungu, unashuka kinamasi cha Kirua, Korogwe, Hale, mpaka baharini. Kiasili mmea unaoelea unafuata maji yanakoshuka. Likiwa chini ya maporomoko gugu halina njia ya kupanda kuja juu, na hiyo imekuwa kinga yetu ya bure ambayo hakuna mtu ameilipia wala kuishukuru. Pampu inaivunja hiyo kinga. Kazi ya pampu ni kuchukua maji ya chini kuyapandisha juu, na kazi ya mradi wa kuhamisha maji ni kuyapitisha mahali ambapo mlima ulikuwa umeyazuia. Kwa hiyo ile njia moja ya kushuka tu inakuwa njia mbili.

Na hata pampu isipobeba, watu wa mradi wanabeba. Eskaveta limetoka kuchimba mfereji mahali pengine, matope yamekauka kwenye cheni, mbegu za gugu maji ni ndogo kama milimita moja na nusu hivi, na zinaweza kukaa kwenye tope hadi miaka 20 zikasubiri. Boti ya wapimaji imetoka ziwa lingine juu ya trela haijakaushwa. Nyavu za wavuvi nazo zinahama, bwawa likishakuwa kubwa wavuvi wanakuja na vyombo vyao kutoka kila pembe. Tusisahau kwamba viumbe kuhama kati ya Victoria na Pangani sio jambo la kufikirika, yule ngege wa Ziwa Victoria tayari aliletwa na binadamu akaingizwa Bonde la Pangani na akavuliwa Nyumba ya Mungu. Kama samaki aliweza kuvushwa kwa makusudi, kipande cha mmea kisichoonekana kwenye mkunjo wa wavu kitashindwa nini?

Hebu tuangalie hii mimea inavyozaana, kwa sababu hapo ndo utaelewa kwa nini nondo za kuzuia takataka pale kwenye chanzo hazitoshi. Gugu maji linatoa vikonyo pembeni, kila kikonyo kinazaa mche, mche unakatika unaelea unaenda kuanzisha ukoo wake, na kwenye maji ya joto yenye mbolea linaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Mwenzake salvinia, mmea mwingine unaoelea majini, ni mbaya zaidi kwa maana hiyo. Aina ile kubwa inayosumbua dunia hata haizai mbegu zinazoota, inategemea vipande tu, na kila kifundo cha shina kikikatika kinakuwa mmea mzima, na kwenye mazingira mazuri inaongezeka mara mbili kwa siku chache. Sasa nondo zinazuia furushi, haziwezi kuzuia kipande cha urefu wa kidole wala mbegu. Pampu nayo watu wanadhani itasaga kila kitu, kumbe panga la pampu linaweza kukugeuzia mmea mmoja ukawa vipande kumi vilivyo hai. Ndo maana nasema chanzo kiwe safi kwanza, pale pampu inapovuta pawe mbali na ukingo wenye majani na chini ya uso wa maji, na kwa maji ghafi yanayovuka kwenda bonde lingine pawe na uchujaji wa kweli, kitanda cha mchanga au ngoma ya kuchujia yenye wavu wa matundu madogo.

Lakini kufika ni nusu tu. Nusu nyingine, na hapa naona hata wataalamu wengi wa mazingira wanapapita harakaharaka, ni kwamba mradi wenyewe unaitengenezea mimea mahali pa kukaa. Mfano mzuri uko Afrika Kusini. Mwaka 1975 walifungua handaki la kilomita 82.8 kutoa maji ya mto Orange kupeleka mto Great Fish. Samaki wa Orange walipita humo ndani wakatokea upande wa pili, kambale akiwemo, hilo lilitarajiwa na kila mtu. Ambacho hakikutarajiwa sana ni kwamba mto Great Fish ulikuwa ni mto wa msimu, unakauka unabaki vidimbwi, na baada ya handaki ukawa unatiririka mwaka mzima, na inzi weusi wa aina ambayo zamani walikuwa wachache pale wakalipuka kwa wingi mpaka wakawa mateso kwa mifugo. Hao inzi wengi hawakuhitaji kuletwa na mtu. Mto wenyewe ulikuwa umebadilishwa ukawa wao.

Chukua huo mfano ulete Kahe, Chekereni, Mabogini. Mifereji yetu mingi na vijito vingi vya tambarare vilikuwa na kiangazi cha kweli. Kiangazi ni adui mkubwa wa mmea unaoelea, maji yakiisha unalala kwenye tope unakauka. Ukileta mradi unaohakikisha maji Januari mpaka Disemba, ukajenga bwawa lenye kina kifupi lisilo na mkondo, na kwenye hilo bwawa ikaingia mbolea inayotoka mashambani na maji machafu ya mji, umeshatandika kitanda, hata kama mmea haujafika leo utafika na utalala vizuri. Ndo maana naona ni kosa kubwa kuweka shida ya magugu kwenye ofisi moja na shida ya mbolea na majitaka kwenye ofisi nyingine. Ni shida moja. Gugu maji halinenepi kwenye maji masafi.

Bwawa la Kariba, lile la mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, linatufundisha kitu kingine cha muda. Lile bwawa lilifungwa Disemba 1958, na salvinia ilikuwa tayari ipo mto Zambezi huko juu, kidogo tu, haisumbui mtu. Bwawa lilipoanza kujaa likafunika misitu na majani, vikaoza, maji yakajaa rutuba, na kufikia 1962 salvinia ilikuwa imefunika karibu kilomita za mraba 1,000 za ziwa. Badae ikapungua, na sababu mojawapo ni kwamba ile rutuba ya mwanzo iliisha. Maana yake ni nini kwetu: miaka ile ya kwanza baada ya bwawa kujazwa ndo dirisha la hatari, na kwa jinsi miradi yetu inavyoendeshwa hiyo ndo miaka ambayo mkandarasi ameshakabidhi, wafadhili wameshapiga picha, msimamizi mpya hana gari wala mafuta, na hakuna anayezunguka kuangalia pembezoni mwa bwawa. Yaani macho yanaondoka wakati ule yanapohitajika. Kama kuna kifungu kimoja cha bajeti ningeomba kiwekwe kwenye kila bwawa jipya la umwagiliaji Kilimanjaro na Arusha ni hiki, watu wa kukagua kwa miaka mitano baada ya kukabidhiwa, wawe na mtumbwi, reki na simu, basi. Ukiiona miche ishirini kwenye kona unaitoa kwa mkono asubuhi moja. Ukiiona hekta ishirini umechelewa.

Na huku kwetu hatuanzi kutoka sifuri, hili nalisisitiza. Wazee wa Uchagani na mifongo yao, ile mifereji ya asili, na wenzetu wa Upare na ndiva zao, yaani vibwawa vya kukusanyia maji, walikuwa na utaratibu ambao ukiuangalia kwa jicho la leo ni kinga tosha dhidi ya magugu ya majini. Mfongo ulikuwa unafunguliwa na kufungwa kwa zamu, ukoo huu leo ukoo ule kesho, kwa hiyo kuna vipande vinakauka kila mara. Kabla ya msimu watu wanatoka wote kusafisha, huko Upareni wanaita msaragambo, na asiyetoka anatozwa faini. Ndiva nayo inajazwa usiku inafunguliwa asubuhi maji yote yaende shamba, inabaki tope, kesho inajazwa tena. Mmea gani wa kuelea utatawala mahali panapomwagwa kila siku? Sisemi wazee walikuwa wanapigana na gugu maji, hawakulijua, walikuwa wanagawana maji machache kwa haki. Ila ule mtindo wa kujaza na kukausha, na ile kazi ya pamoja, vilifanya kazi mbili kwa mpigo. Tulipojenga skimu za kisasa, kama ile ya Lower Moshi iliyokamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani, tukapata mifereji mizuri ya zege na maji ya uhakika, alafu taratibu kazi ya kusafisha ikahamia kwenye fungu la pesa. Pesa ikichelewa mfereji unaota majani. Mimi ningependa kila skimu mpya iwe na ratiba ya kukausha mifereji kwa zamu, iandikwe kwenye mwongozo wa uendeshaji, na viongozi wa jumuiya za watumia maji wapewe nguvu ya kisheria ya kuisimamia kama wazee walivyokuwa nayo.

Hapa niweke tahadhari moja maana najua tutaenda kuchanganya. Sio kila kijani kwenye maji ni mgeni. Ziwa Jipe pale mpakani na Kenya limezibwa sana na magugu, ila mengi ya pale ni mimea ya asili ya vinamasi, mafunjo na jamii ya matete marefu yenye vichwa kama brashi, na yamestawi kwa sababu ya udongo unaoshuka kutoka milimani na mabadiliko ya mto Lumi unaolilisha ziwa. Dawa ya Jipe ni kushika udongo huko juu na kurudisha maji, ukiwaleta wadudu wa kula gugu maji pale wataondoka na njaa. Kila mahali lazima kwanza mtu anayejua mimea ashuke akaangalie ni nini hasa kimeota, na kwa mkoa wa Arusha hatuna kisingizio, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu makao yake makuu yako hapo Ngaramtoni, na taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru. Sheria ya Afya ya Mimea ipo tangu 2020. Hivi inashindikana vipi mradi wa mabilioni uanze bila mtu mmoja wa Ngaramtoni kutembea kilomita mbili za ukingo wa chanzo na kuandika orodha ya alichokiona?

Kwa anayeona naongeza chumvi aangalie Victoria. Kufikia 1998 gugu maji lilikuwa limefunika karibu hekta 20,000 za ziwa, meli hazitii nanga, wavuvi hawatoki, vyanzo vya maji vya miji vinaziba, na chini ya lile zulia konokono wanaobeba kichocho wanapata makazi. Kagera ikawa inaleta mzigo mpya kila siku kutoka juu. Kilichosaidia kwa kiasi kikubwa ni wadudu wadogo jamii ya fukusi walioachiwa katikati ya miaka ya 1990, wanakula gugu maji tu hawagusi kitu kingine, na mawimbi na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaongeza nguvu. Likapungua sana. Alafu likarudi mara kadhaa, kwa sababu mbegu ziko kwenye tope na mbolea bado inaingia. Na miaka hii ya karibuni watu wa Mwanza wameanza kuhangaika na mgeni mwingine, salvinia, na wale fukusi wa gugu maji hawana habari naye, yeye ana mdudu wake. Huyo mdudu ana historia nzuri kweli, alipelekwa ziwa Moondarra kule Queensland, Australia, mwaka 1980, na kwa muda wa kama mwaka mmoja na kidogo akamaliza tani 18,000 za salvinia. Kwa hiyo njia ipo. Ila mdudu anahitaji kuagizwa, kukaa karantini, kupimwa asije akala mpunga wa watu, kuzalishwa, kusambazwa, na hiyo ni miaka, na wakati huo mfereji umeziba.

Sasa unganisha hiyo na bomba. Maji ya Victoria saivi yanafika Tabora, Nzega na Igunga. Kijiografia Victoria inaenda Nile, Tabora inashukia Malagarasi kwenda Tanganyika na Kongo, Igunga inashukia Wembere kwenda Eyasi ambako hakuna mlango wa kutokea. Yaani bomba moja linagusa mabonde matatu makubwa ambayo kiasili hayakutani. Mtambo wa kutibu uko mwanzoni, Ihelele, kabla maji hayajavuka, na hapo naipongeza serikali bila kusita, ule ndo mpangilio unaotakiwa. Wasiwasi wangu ni siku mtu atakapokuja na wazo zuri la kuvuta maji ghafi ya kumwagilia kwa sababu kutibu maji ya shamba ni gharama. Wazo hilo litakuja, na litakuja hata huku kwetu, njaa ya maji ya umwagiliaji kwenye tambarare za Pangani ni kubwa.

Kuna hoja nyingine huwa inaletwa kila tukizungumza haya, kwamba magugu ni fursa, tutengeneze vikapu, mbolea, gesi, chakula cha mifugo. Nawaheshimu sana akina mama wanaosuka vikapu na viti vya gugu maji, ni kazi ya mikono ya kweli. Ila kama njia ya kudhibiti, hesabu inakataa. Gugu maji asilimia kama 95 ni maji, kwa hiyo lori la tani saba limebeba zaidi ya tani sita na nusu za maji na kilichobaki ndo mali. Mafuta ya lori yanakula faida. Na ubaya ni kwamba fursa ikishanoga mtu anataka malighafi karibu na nyumbani, anachukua miche mitatu anaweka kwenye kidimbwi chake, na hivyo ndivyo limezunguka dunia kutoka Amazon, kwa mikono ya watu waliolipenda. Hata huku ukipita kwenye bustani za kuuza maua na mabwawa ya mapambo ya hoteli, ua la zambarau linaloelea linavutia macho, na wafugaji wa samaki wengine wanalipenda kwa kivuli chake. Dimbwi likifurika masika maji yanaenda kwenye kijito, na vijito vya Arumeru vinaenda Kikuletwa, na Kikuletwa inaenda Nyumba ya Mungu, ambako ndo tumeweka pampu.

Kwa hiyo nikiulizwa nianzie wapi nitaanzia kwenye tathmini ya athari kwa mazingira, ile inayotakiwa na sheria ya mazingira ya 2004 kabla mradi haujaanza. Kwenye mkutano wa wananchi wa ile tathmini, kabla ya kusaini mahudhurio na kuchukua soda, tuulize maswali ya kueleweka. Chanzo kimekaguliwa mimea na nani, mwezi gani, kiangazi au masika? Maji yanatibiwa upande gani wa mgongo wa bonde? Maji ya kuoshea machujio yanamwagwa wapi? Mkandarasi anaosha mitambo wapi kabla hajaingia kwetu, na nani anakagua? Mfereji unaweza kukaushwa sehemu moja bila kuzima skimu nzima? Nani analipwa kuzunguka bwawa mwaka wa tatu? Majibu ya hayo hayahitaji teknolojia ya ajabu. Kuosha eskaveta kwa maji ya presha na kulikausha juani siku kadhaa ni kazi ya vibarua wawili, ila isipoandikwa kwenye mkataba wa tenda hakuna mkandarasi atakayeifanya, na sio kwa ubaya, hajalipwa kuifanya tu.

Na kwa wewe unayeishi kando ya mfereji, Kahe, Mikocheni, Chemka, Mbuguni, Kiruani, popote. Ukiona mmea unaoelea ambao hujawahi kuuona, majani ya duara yenye shina lililovimba kama puto, au vijani vidogo vyenye manyoya vilivyojipanga wawiliwawili kwenye uzi, usiupige teke uende na maji. Piga picha kwanza na ushike alama ya mahali. Toa wote na mizizi yake, usiache kipande, weka mbali na maji kabisa, juu ya jiwe au mabati, ukauke mpaka uvunjike mkononi, alafu choma. Mwambie mwenyekiti wa jumuiya yenu ya watumia maji, na picha ifike ofisi za Bonde la Pangani hapo Moshi, na rudi palepale baada ya wiki mbili uangalie tena, maana lazima kuna kipande ulikiacha.